Kuni Nilizookota Kangle

Baridi ya mwaka huu Guangzhou imeniumbua, na heri niseme mwenyewe. Hita ilipandisha bili ya umeme mpaka nikaizima. Asubuhi moja nikakuta mbao kavu zimeegemezwa ukutani, nje ya karakana ya nguo iliyo chini ya chumba changu hapa Kangle. Nikadhani zimetupwa. Nikazipandisha juu ya paa, nikaziwasha ndani ya debe, nikamwita jirani yangu Mwajuma tuote moto.

“Moshi huu umenirudisha jikoni kwa mama, Tanga,” akasema.

“Kwani umeme una nini cha kuushinda moto huu?” nikajigamba.

Laoban, bosi wa karakana, akapanda akifikicha viganja. Nikampisha kwa ukarimu. Akausifu moto, kisha akaona ubao wenye matundu ya skrubu. Akauchomoa, akaugeuza.

“Rafiki,” akasema taratibu, “hiki ni kitanda changu. Nilikifungua nikipake rangi.”

Mwajuma akajifunika uso kwa khanga. Mimi sikuwa na pa kujificha. Laoban akaurudisha ubao motoni, akaketi kando yangu.

“Kilikuwa kinalia sana,” akasema. “Kesho tukanunue kingine. Utakibeba wewe.”