Jumapili Popo Alipoketi Ndani

Kwetu Dodoma mwezi wa kumi hauna mavuno. Shambani ni vumbi, ng'ombe wamekonda, na ukimwambia mtu alete mazao ya shukrani madhabahuni atakutazama aone kama umelewa. Kwa hiyo, mwaka wangu wa pili wa masomo Guangzhou, nilipoingia kanisani nikakuta madhabahu imezungukwa na mabalungi makubwa kuliko kichwa cha mtoto, miwa iliyofungwa utepe mwekundu, magimbi, na karanga zenye udongo wake bado, nilisimama mlangoni nimeduwaa mpaka mtu akanisukuma taratibu kwa nyuma nipite.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nasomea mambo ya dawa kwa ufadhili, na Kichina cha darasani nilikijua kiasi cha kufaulu mitihani. Kanisani lakini waliongea Kikantoni, na Kikantoni masikioni mwangu kilikuwa ugomvi usioisha. Hata kuulizana habari za asubuhi walipiga kelele kama watu waliosimama kingo mbili za mto. Wenyewe majira yale waliyaita ya majani kupukutika, ingawa Guangzhou majani hayapukutiki. Kinachopungua ni jasho. Jasho likishapungua, kanisa zima linapatwa na homa ya kazi. Madirisha yanaoshwa, mabenchi yanagongwa misumari, wazee wanapelekwa kupanda mlima, na kila Jumapili kuna jambo.

Uani, chini ya ukuta wa ofisi ya mchungaji, ndipo alipokaa Popo. Kwa lugha yao popo ni bibi, mama mzee yeyote unayemheshimu. Kwetu ni yule mnyama anayelala kichwa chini, na miezi ya kwanza nilishindwa kumwita bila kuuma midomo nisicheke. Kwa vile "ni hao," salamu ya Kichina cha darasani, niliiona ya watu wa rika moja, nilikuwa namwamkia kwa Kiswahili, "Shikamoo, Popo," naye hunijibu kwa Kikantoni, "Umeshakula wali?" Tulielewana hivyohivyo.

Kazi yake ilikuwa maji ya moto. Wachina wa huko hawanywi maji ya baridi, na kanisa lilikuwa dogo kuliko watu wake: ibada ya kwanza ikiwa katikati, wa ibada ya pili wameshajaa uani, wazee kwa watoto, wote wanataka kitu cha kunywa. Popo alikuwa na chupa za chai zisizohesabika, zilezile za maua mekundu ambazo kwetu zinawekwa kabatini zikisubiri wageni. Alichemsha, akajaza, akamimina, akaosha vikombe, akachemsha tena. Alikuwa mwembamba, mfupi, nywele nyeupe zimekatwa sawa na masikio, na ukijaribu kumpokea chupa anakupiga kofi la mkono. Hakulipwa. Alianza kazi hiyo kanisa lilipofunguliwa tena baada ya miaka mingi ya kufungwa, na alikuwa hajawahi kuiacha.

Mimi nilimpenda kwa sababu sote wawili tulikuwa wakali. Siku moja mwezi wa tisa alinivuta kwenye kichumba chake cha kuchemshia maji, akafunga mlango, akaniambia jambo. Kwa kuwa nilikuwa nasomea dawa, nadhani aliniona nusu daktari. Sikio lake la kulia lilikuwa limekufa. La kushoto lilikuwa linafifia kama redio yenye betri zilizochoka, na daktari alimwambia halitaufikia mwaka mpya wao.

"Dawa hakuna?" akaniuliza.

Nilimwambia ukweli, kwamba kwa alivyonieleza sikuijua dawa yake. Akaitikia kwa kichwa, hakulia. Kisha akasema anataka kitu kimoja tu: aisikie kwaya akiwa ndani. Miaka yote ile alikuwa ameisikia kupitia spika iliyotundikwa ukutani uani, yenye mkwaruzo, huku anamimina maji. Kwaya ikiimba ndipo uani watu huwa wengi zaidi.

"Basi ingia tu, Popo. Jumapili hii."

"Na maji?" akasema, akinitazama kama mtu aliyeambiwa amwache mtoto sokoni. Halafu akanikataza kumwambia mtu yeyote. Wakijua kwamba hasikii, watasema mzee kiziwi asibebe maji yanayochemka katikati ya watoto, watamnyang'anya chupa. Nikaapa. Nikaondoka nimejaa hasira, sijui hata nimemkasirikia nani.

Wiki chache baadaye mchungaji akatangaza jambo ambalo kwangu lilikuwa kama ameletewa na malaika. Jumapili iliyo karibu na sikukuu yao ya kuwaheshimu wazee, watu wote wanaojitolea kanisani, wapanga viti, wafagiaji, wapishi wa uji, wote, wataketi mabenchi ya mbele na kushukuriwa. Kazi zao zitafanywa na wengine siku hiyo. Na kwaya itawaimbia wimbo mpya ambao ilikuwa ikiufanyia mazoezi tangu joto lianze kupungua. Waliopangwa kushukuriwa walinuna. Mmoja alisema kwa sauti kwamba vikombe vitavunjwa. Lakini nilimwona Popo mlangoni. Alikuwa ameweka kiganja nyuma ya sikio la kushoto, na uso wake wote ulikuwa umesimama.

Kazi nyingi tulipewa sisi wanafunzi wa kigeni, nadhani kwa sababu hatukujua kukataa kwa Kikantoni. Mkenya mmoja mrefu, aliyekuwa anasomea uhandisi, akapewa maji ya moto. Mimi nikapewa Popo mwenyewe: nikae ubavuni pake nihakikishe hainuki.

Siku yenyewe nilifika mapema nikamkuta Mkenya amesimama katikati ya kile kichumba, mikono kiunoni.

"Dada, huyu cucu ametumaliza," akasema; cucu kwao ni bibi. "Angalia. Chupa zote zimejaa, vikombe vimeoshwa, hata ameniwekea kitambaa. Sasa mimi job yangu ni gani?"

"Kumimina. Na usijaze mpaka juu."

Popo alikuwa ameamka usiku, akaja, akafanya kazi yote kabla ya mtu kufika, kisha akarudi nyumbani kuvaa. Alipoingia kanisani alikuwa na koti la bluu lililopigwa pasi na viatu vya kitambaa vipya. Nilimshika mkono nikampeleka benchi la kwanza. Akaketi pembeni kabisa, kama abiria asiye na tiketi. Kiti kidogo kikaanguka nyuma, akainuka, nikamketisha. Mtoto akaomba maji, akainuka, nikamketisha. Mara ya tatu niliukalia upindo wa koti lake.

"Yule kijana wako mrefu atawaunguza watu," akaninong'oneza, na mnong'ono wake ulisikika mpaka benchi la nne.

"Hatawaunguza. Tulia, Popo. Leo ni ya sikio."

Akatulia. Wakaitwa mbele wakapewa kila mmoja taulo na kikombe cha bati, wakavipokea kwa aibu kubwa kama watu waliokamatwa. Kisha mchungaji akahubiri. Sitamsema vibaya, kwetu kuna wanaohubiri mpaka kuku anatamia, lakini alijua kurefusha. Nikahisi kitu begani kwangu. Popo alikuwa amelala. Mdomo uko wazi kidogo, taulo amelikumbatia, kilo zake zote chache ziko juu ya mkono wangu. Nikamwacha apumzike. Nilijiambia wimbo ukikaribia nitamwamsha.

Mahubiri yakaisha. Kwaya ikasimama, mafaili yakafunguliwa, mpiga piano akaweka vidole. Mwalimu wa kwaya, mzee mkali ambaye niliwahi kumwona akimtoa mtu mazoezini kwa kutafuna karanga, akainua mikono. Nami nikainua wangu kumtikisa Popo.

Mwalimu akaniona. Akatikisa kichwa. Nikadhani hajaelewa, nikamwonyesha: anataka kusikia, lazima aamke. Akashusha mikono yake, akateremka ngazi za madhabahu mpaka kwetu, akainama, akaniambia polepole kwa Kichina cha darasani ili nisikosee, "Mwache alale. Tutamsubiri."

Mama mmoja wa sauti ya kwanza, mbele yangu kabisa, akagusa sikio lake la kushoto, akamwonyesha Popo kwa kidevu, akanipa ishara kwamba wanajua. Nikageuka. Benchi la pili wanajua. Wazee wa kanisa wanajua. Kanisa zima lilikuwa linajua, huenda kabla yangu, na hakuna aliyemnyang'anya chupa zake. Ndiyo maana walikuwa wakimpigia kelele vile kila Jumapili pale uani. Mimi nilidhani ni Kikantoni tu.

Basi wakasubiri. Mchungaji akaketi. Wanakwaya wakabaki wamesimama, mafaili wazi. Neno likapita nyuma, kichwa kwa kichwa, likapanda ghorofani, likatoka mlangoni mpaka uani kwa watu wa ibada ya pili ambao walipaswa kuwa wanaingia, na kote lilikopita, sauti zikazimika. Enzi hizo kila mtu mjini alikuwa na peja kiunoni inayolia kama chura. Niliona watu wakizichomoa mmoja mmoja, wanazizima, wanazirudisha. Mzee mmoja alishikwa na kikohozi akakizika kofiani mpaka macho yakamtoka machozi. Mtoto mchanga alipoanza kulia mama yake alikuwa ameshafika nje.

Nimekaa na watu wale miaka. Ni watu wanaobishana na mwenye mboga kama wanasheria, wanaopanda basi kwa viwiko, wanaozungumza na simu kama simu ndiyo kiziwi. Nami mwenyewe sijui kukaa kimya. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa katikati ya sentensi. Lakini siku ile tulinyamaza wote. Mamia ya watu, wana chakula jikoni, wana zamu kiwandani, wana basi la kuwahi, wamekaa wameshika mikono mapajani kwa sababu mama mzee mmoja amechoka. Mkono wangu ulikufa ganzi. Pua iliniwasha. Niliogopa kupumua. Niliwahi kusali sana kabla ya siku ile, na kwa sauti kubwa, lakini niliona aibu na furaha kwa pamoja kwamba nilikuwa sijawahi kujua watu wengi hivyo wanaweza kufanya kitu kimoja bila kutikisika.

Sijui tulikaa muda gani. Jua la dirishani lilikuwa limehama kutoka kwenye mabalungi likaenda kwenye miwa.

Halafu kichwa chake kikateleza begani kwangu, na Popo akaamka.

Sasa nikwambie jambo ambalo sisi sote mle ndani, na akili zetu zote na mapenzi yetu yote, hakuna aliyeliwaza. Alifumbua macho akaona kwaya imesimama. Aliona mafaili wazi, piano ina mtu, mwalimu yuko mbele, kanisa limejaa hadi ngazini, watu wote wanamtazama. Na hakusikia kitu.

Akaweka kiganja sikio la kushoto. Akakitoa. Akakiweka tena. Uso ukamshuka wote, akanigeukia mimi niliyempa mkono wangu alale.

"Mou la?" akaniuliza.

Neno hilo nililijua vizuri. Nilikuwa nawasindikiza wafanyabiashara wa kwetu kununua nguo soko la Shisanhang, nikiwatafsiria, na ndilo neno la wenye maduka mzigo ukiisha: hakuna tena, imekwisha. Nikamshika vidole, nikatikisa kichwa, hapana, hapana, Popo, huku nimemtolea mwalimu macho.

Mwalimu alikuwa ameshaelewa. Nilimwona anageuka upesi kuliko umri wake, mikono iko juu kabla hajamaliza kugeuka, na kwaya yote ikaingia pamoja, besi na sauti za juu, bila kuisubiri piano.

Sauti ile iligonga mbao za benchi, niliihisi mgongoni. Popo alikaa vilevile, kiganja sikioni, vidole vyake ndani ya vyangu vimekaza. Hakutabasamu. Alikuwa anatafuta, kama mtu anayepapasa gizani ukuta anaoujua. Wakamaliza ubeti wa kwanza. Wakaingia wa pili, na hapo wanawake walipopanda juu nikaona kidevu chake kinainuka kuwafuata.

Akageuka kwangu, akasema kwa sauti kubwa ile ya watu wasiojisikia, katikati ya wimbo, kanisa zima likamsikia:

"Yau."

Ipo. Hakuna aliyecheka wala aliyegeuza shingo. Mwalimu, mgongo wake umetuelekea, alijifuta uso kwa mkono mmoja na kwa ule mwingine akaendelea kuwaongoza.