Theluji ya Mombasa, Nakuru na Kisumu

Mombasa haijawahi kuanguka theluji tangu dunia iumbwe, na mtu asinibishie, lakini kabatini kwetu Bugolobi, Kampala, ilianguka siku yoyote tuliyotaka. Baba alikuwa na wazimu wa kununua matufe ya kioo yaliyojaa maji, yale yenye kisanamu ndani, ambayo ukiyatikisa chembe nyeupe zinapanda kisha zinashuka polepole. Yaliuzwa kwenye maduka ya watalii. Mtalii anaijua theluji, kwao ipo. Sisi tulikuwa tunaitafutia nini? Hata mama aliuliza hivyo hivyo.

Baba alitoka magharibi ya Kenya akavuka mpaka kuingia Uganda vita vya mwaka themanini na sita vilipokwisha, wakati viwanda vya Kampala vilikuwa vinafufuliwa na fundi wa mashine anatafutwa kwa tochi. Kiwanda kimoja cha sabuni kilimpa kazi na fleti. Kila Disemba kiwanda kilifungwa nasi tukapanda basi kwenda kwa nyanya, ila baba hakukubali tufike kwa nyanya kabla hajatuonyesha mji tusioujua. Na katika kila mji mtoto mmoja alipewa zamu ya kuchagua tufe.

Kaka yangu, kifungua mimba, alichagua Mombasa: ngome na askari mlangoni, theluji imemfika magotini, maskini. Mimi nilichagua Nakuru, ndege wawili wa rangi ya waridi wenye miguu mirefu. Mdogo wetu, aliyekuwa bado anabebwa mgongoni, alilia dukani Kisumu mpaka akapewa kiboko aliyevaa kofia. Mama akamwambia baba kwamba kama anapenda baridi kiasi hicho, si ahamie Kabale atuache tupumue. Tufe lilikuwa la aliyelichagua, na mwingine hakuligusa bila ruhusa. Kaka aliwahi kuligusa la kwangu nikamzaba kofi, na sijutii mpaka leo.

Baba alikufa nikiwa na miaka kumi na miwili, kwa ugonjwa ambao siku zile watu waliutaja kwa macho tu. Tulimzika kwao. Desturi ya kwetu, baada ya maziko ndugu hukaa wakagawana vitu vya marehemu, koti lipate mwenyewe, redio ipate mwenyewe. Ni desturi nzuri, sina ugomvi nayo. Kwa kuwa vitu vilikuwa Kampala na kiwanda kilitaka fleti yake, wakaja wao kwetu na pikapu ya kukodi: baba mkubwa, baba mdogo, na shangazi. Mama alikuwa ameanza kukonda. Gauni lake la kanisani lilikuwa linamzunguka mara mbili. Mama alijua alichonacho, na wao wakajua pale pale mlangoni walipomsalimia.

Aliwapikia matoke kwa mchuzi wa karanga. Wakala, wakaanza. Baba mkubwa alipata friji, baba mdogo akapata makochi. Baba mkubwa alituambia, zaidi ya mara moja, kwamba damu ni nzito kuliko maji, huku mikono yake inapima mlango kama friji itapita. Shangazi aliitazama cherehani ya mama tangu alipoingia. Ya watoto hayakutajwa hata kidogo, na sisi watatu tulikuwa pale pale, tumekaa sakafuni.

Mama aliwaacha wamalize. Kisha akainuka kwa kushika ukuta, akayatoa matufe kabatini na kuyapanga mezani katikati ya sahani chafu. Akawaeleza lipi ni la nani, kwa utaratibu, kama mtu anayegawa chai.

“Vitu mmegawana,” akasema. “Bado hivi. Anayechukua tufe anachukua na mwenye tufe. Amlishe, amsomeshe.”

Niseme ukweli, nilitaka kuchukuliwa. Nilimpenda mama yangu, lakini nilikuwa mtoto na niliogopa kubaki kwenye nyumba ambamo mtu mwingine alikuwa anakwenda kufa.

Baba mkubwa akalichukua la Mombasa, maana kaka alikuwa na mabega ya kazi. Baba mdogo, ambaye mkewe alikuwa hajajaliwa mtoto, akalichukua la Kisumu. Likabaki la kwangu. Shangazi akanitazama. Ukoo mzima ulijua nina mdomo. Akanyoosha mkono, vidole vikaligusa tufe, kisha mkono ukaendelea na safari yake mpaka kwenye cherehani.

“Hii itanifaa,” akasema, bila kumtazama mtu yeyote.

Mama akalichukua tufe la Nakuru na kuliweka mapajani mwake. “Basi huyu ni wangu,” akasema.

Kaka na mdogo wetu waliondoka mchana ule ule, wamekaa juu ya makochi, na mdogo alipunga mkono akidhani anakwenda kutembea. Mama na mimi tukahamia chumba kimoja Kabalagala, nyuma ya baa. Huko ndiko nilikojifunza kukoroga uji mwepesi, kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza, na kupigania bei sokoni kwa Kiganda. Mama alifariki mwanzoni mwa mvua. Jirani yetu, mama mmoja Mkongo aliyesuka nywele za watu, ambaye kwetu hakuwa damu wala maji, akanilea mpaka nikajitegemea.

Ile siku ya meza niliibeba miaka mingi. Kaka alisomeshwa, mdogo alisomeshwa, mimi nilisuka nywele. Tulikutana misibani, nikawasalimia kwa ncha ya vidole. Mwaka jana wakaja wote wawili kwangu Bukoto kunitembelea, watu wazima wenye vitambi, na kabla chai haijapoa nikawatolea yote. Nikawaambia wao walichaguliwa na mimi niliachwa mezani pamoja na sahani chafu. Jamani, niliongea. Kaka aliinamisha kichwa akawa anakoroga chai isiyo na sukari.

Mdogo wetu alinisikiliza mpaka mwisho. Alipoona nimenyamaza, akasogeza kiti chake.

“Dada,” akaniuliza, “mama alikuwa anachekaje?”

Nikamtazama, nikaona hatanii. Alichukuliwa kabla ya kichwa chake kuweza kuhifadhi kitu. Kaka naye akaacha kukoroga, anangoja. Hasira yangu niliyoifuga muda wote ule sikuiona ilikokwenda.

Nikamwigizia kicheko cha mama. Kilianzia puani, kikashuka kifuani, kikaishia kwenye kikohozi kidogo.

Akaniomba nirudie.