Tulipopima Kuni za Mbinga

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya utafiti niliimalizia juu ya ngazi, kichwa kikiwa karibu na bati, ndani ya nyumba ya mtumishi mmoja wa afya pale Mbamba Bay. Ilikuwa mchana wa jua kali. Aliyenituma juu alikuwa Mhandisi, naye alisimama chini ameishika ngazi.

"Mzee Haule, kuna dari huko?"

"Hakuna, Mhandisi. Kuna kenchi, kuna bati, na kuna mimi."

"Basi kining'inize hapo hapo kwenye kenchi, ushuke kabla hujaiva."

Kenchi ni zile mbao zinazobeba paa. Kifaa nilichokining'iniza tulikiita kirekodi. Ni kidogo kama kiberiti, na kinaandika chenyewe joto la chumba, usiku na mchana, wiki baada ya wiki, bila kuguswa na mtu. Mwenye nyumba, kijana wa Singida, alikuwa amehamishia meza yake barazani. Alituambia kwamba ndani huingia kuchukua kitu tu, kisha hutoka mbio, kama fundi anayechungulia tanuri la tofali.

Vijana wananiuliza niliipataje kazi ile wakati shule niliiacha darasa la sita. Sikuacha kwa kufeli. Lori la kahawa lilipita karibu na shule yetu, nami nikataka kujua linakwenda wapi. Tangu siku hiyo nimekuwa utingo, nimefyatua tofali, nimechoma mkaa, nimepakia magunia ya usipa, hawa dagaa wetu wa Ziwa Nyasa. Sehemu yoyote nikishaielewa kazi yake, miguu huanza kuwasha. Mhandisi alinikuta bandarini nikiwa na gunia begani. Nilimwuliza kile kiberiti alichoshika ni cha nini. Akanieleza. Nikauliza tena, akaeleza tena, mwisho akaniuliza yeye: "Mzee, ngazi unapanda?"

Jina lake Zuhura, mzaliwa wa Tabora, mhandisi wa majengo katika ofisi ya serikali, aliyeruhusiwa kwenda kusoma shahada ya uzamivu. Swali lake aliliweka hivi: nyumba inahitaji nishati kiasi gani ili mtu akae ndani yake vizuri, na nishati hiyo inapotelea wapi? Hayo ndiyo wasomi huyaita mahitaji ya nishati. Ufanisi ni ndugu yake: kupata joto lile lile kwa kuni chache zaidi, au ubaridi ule ule kwa umeme mdogo zaidi.

Alikuwa na hoja moja aliyoishikilia kwa meno. Nyumba za watumishi zilijengwa kwa ramani moja, ziwani na milimani. Huku Mbamba Bay watu wanawasha feni kulifukuza joto. Kule Mbinga, kwa ramani ile ile, watu wanachoma kuni kuliita joto, nalo linapita kwenye upenyo kati ya ukuta na bati na kwenda zake. Ramani moja inawaumiza watu kwa namna mbili zinazopingana. Lakini ili kulithibitisha jambo hilo alihitaji vipimo vya pande zote mbili. Upande mmoja ukikosekana, ni malalamiko ya kawaida tu kwamba ziwani kuna joto.

Basi tukapanda milimani, kata ya Mbuji huko Mbinga, majira ya baridi, wakati wa kuchuma kahawa. Huko nako tuliweka virekodi ukutani, na tuliongeza kipimo cha kuni. Unafika asubuhi, unalipima fungu la kuni kwa mizani ya kuning'iniza, unashinda hapo ukiangalia matumizi, na kesho yake unapima kilichobaki. Kilichopungua ndicho kilichoungua. Kila nyumba tuliitembelea siku chache, kisha tukahamia nyingine. Nyumba niliyoipenda ilikuwa ya Mwalimu Kapinga, mama wa Kimatengo aliyefundisha shule ya msingi na kulima kahawa nyuma ya nyumba ile ya serikali. Jiko lake lilikuwa kibanda cha nje. Kuni zikishakuwa makaa, aliyatia kwenye karai kuukuu na kulileta sebuleni, nasi tukanyoosha mikono. Nilijisemea kwamba kazi hii nitakaa nayo.

Tuliporudi Mbinga mjini, Profesa akapiga simu. Huyu ndiye aliyekuwa msimamizi wa masomo ya Mhandisi, mtu mpole, asiyepandisha sauti hata anapokuangusha. Mhandisi aliweka simu mezani ili nisikie.

"Zuhura, nyumba zako za milimani zinakula kuni kama kiwanda cha tumbaku. Umelinganisha na virekodi?"

"Nimelinganisha jana, Profesa."

"Umeona nini?"

"Siku tulizokuwepo sebule ilikuwa na joto. Siku ambazo hatukuwepo, ilikuwa baridi. Nyumba zote."

"Kwa hiyo umepima ujio wako. Achana na milima. Andika ziwa peke yake, umalize kwa wakati. Ni tasnifu ndogo, lakini inapita."

Muda wa masomo wa Mhandisi ulikuwa unakaribia mwisho, na kazini walikwisha kumwambia kwamba hauongezwi. Nilidhani atakubali, maana mimi ningekubali. Akasema, "Profesa, nipe wiki moja," akakata simu, akatafuta bodaboda mbili.

Mwalimu Kapinga tulimkuta anamenya kahawa. Nilimwamkia, Mhandisi akatoa shikamoo yake, kisha akaingia moja kwa moja kwenye jambo.

"Mwalimu, siku tulizokuja uliongeza kuni?"

"Si mlikuja?"

"Lakini nilikuomba ufanye kama kawaida yako."

"Kawaida yangu mgeni akija naongeza kuni. Ulitaka utetemeke kwangu, halafu ukasimulie Tabora kwamba Wamatengo wana roho ya mawe?"

"Na majirani?"

"Waulize. Ila usimwulize yule mwalimu mkuu, atakuambia hakuongeza, na mke wake alikuja kwangu kuazima kuni."

Mhandisi akacheka, ingawa hali haikuwa ya kuchekesha. Akasema, "Nikikuomba kwa heshima usiongeze tena?"

"Nitaitikia. Ukiingia utakuta makaa."

Hapo nikauliza mimi, kwa kuwa siwezi kukaa bila kuuliza. "Mwalimu, wewe mwenyewe siku ya kawaida unaota makaa saa ngapi?"

"Makaa ya nini? Nachuma, namenya, naanika, nikimaliza mwili umechoka, napika nalala. Mwenye kukaa sebuleni mikono mitupu ndiye anayesikia baridi. Ninyi mlikaa tu mkiitazama mizani, masikini."

Mhandisi alisimama. Alivua saa yake, akaitia kwenye mkoba, akauliza kapu liko wapi.

"La nini?"

"La kuchumia."

"Wee, mkubwa wa serikali. Utachuma na mbichi."

"Utanifundisha. Ulinifanya mgeni, sasa nifanye mtu wa nyumbani."

Alirudi kwa Profesa na kumwambia kwamba vipimo vyote vya kuni vya milimani anavitupa, na majira ya baridi yajayo ataanza upya. Profesa alimwonya kwamba anacheza na shahada yake. Kazini walimrudisha mezani, kama walivyosema. Mwaka uliofuata alitumia likizo yake ya mwaka, siku zote alizokuwa nazo, kuja kuchuma kahawa Mbuji.

Tulibadilisha namna ya kufanya kazi. Nyumba tulizipunguza, na katika kila nyumba tulikaa muda mrefu zaidi. Siku za mwanzo hatukupima kitu. Tulichuma, tulimenya, tuliteka maji, tulibeba kuni zenyewe. Mhandisi alichuma mbichi kama alivyotabiriwa, akasemwa mbele ya watu, akaendelea kuchuma. Alitafuta dalili moja tu: ni lini karai litaacha kuletwa.

Siku hiyo ilifika kwa Mwalimu Kapinga jioni ya mvua nyepesi. Tulitoka shambani, mikono imekufa ganzi. Mwalimu alikuwa ameketi anachambua maharage, wala hakuinuka. Sebule ilikuwa baridi kama nje.

"Zuhura, sogeza miguu yako, unanizibia mwanga. Na ukipumzika, chumvi imekwisha, nenda kwa jirani."

Kwa mara ya kwanza hakumwita Mhandisi. Nilimtazama mwenzangu. Meno yalikuwa yanagongana, na anatabasamu kama bibi harusi. Kesho yake asubuhi ndipo tulipoitundika mizani.

Vipimo vya mwaka ule havikuwa na kuni nyingi. Vilionyesha jambo zito zaidi: watu wale walikuwa wanavumilia baridi ambayo kuni zao za kawaida hazikuweza kuishinda, kwa sababu ya paa lile. Profesa aliisoma sura hiyo na kuandika neno moja pembeni: sawa. Siku ya kuitetea tasnifu, mtahini mmoja alimwuliza ilikuwaje mhandisi akapoteza likizo akichuma kahawa. Alimjibu kwamba hakuna mizani inayopima nyumba mbele ya mgeni. Akapita. Aliporudi ofisini, kati ya karatasi za kwanza kuletwa mezani kwake ilikuwa ramani ya nyumba ya mwalimu, ile ile, inasubiri saini yake. Hakuitia. Walibishana naye ofisini miezi mingi.

Mimi nimestaafu. Hakuna aliyenistaafisha ila magoti, ambayo sasa yanakataa ngazi. Ninyi mnaoanza, msidanganywe kwamba kuhangaika huku na huko ni kukosa msimamo. Nilipita kazi nyingi kabla ya kukutana na mtu aliyekuwa tayari kutupa kazi ya msimu mzima kwa kuwa haikuwa ya kweli, na hapo ndipo nikatulia.

Juzi, katikati ya majira ya baridi, nilipita Mbuji, nikaingia katika nyumba mpya ya mwalimu, yenye dari ya mbao, na ule upenyo kati ya ukuta na bati umezibwa. Anakaa kijana wa Kigoma. Nilimwuliza anaionaje nyumba. Alilalamika kwa kirefu: bomba liko mbali, mlango wa nyuma unakwaruza, panya wamehamia darini. Nikangoja ataje baridi. Hakuitaja.