Chairman alikataza majina mu nyimbo, tukamuimbia harusi ya binti yake bila majina

Wakuu wote wa humu, jambo yenu.

Mimi ni koko, yaani bibi wa watu. Macho yamechoka na kidole kinachoandika ni kimoja, basi mukiona kosa muruke. Nilisoma mpaka darasa la pili tu. Lakini jina la mutu sisahau, na hii story ni kweli tupu. Mama Riziki angali hai, mumuulize.

Tulikuwa Nakivale, kambi ya wakimbizi kule Uganda, miaka ile mwenye simu anaivaa shingoni.

Sisi bamama wa Kivu ya Kusini tukilima tunaimba, na tunaimba majina. Mama Nabintu kazaa, anaimbwa. Faida kaunguza maharage, anaimbwa. Mapendo kaangushwa na mbuzi, huyo tulimuimba musimu mzima. Muanzishaji ni mimi, sababu ya hiki kichwa changu kisichosahau majina.

Sasa Mama Riziki, mujane, shitingi yake ikapotea. Ni lile turubai la plastiki tulilopewa la kuezeka nyumba. Mvua ikawa inanyesha ndani.

Siku chache baadaye tukaiona imefunika banda la nguruwe la Papa Kashindi, chairman wetu anayegawa mashamba. Mama Riziki akaenda kuuliza. Akaambiwa shitingi zote zinafanana.

Zinafanana kweli. Lakini ile ilikuwa na kiraka cha kitenge cha njano, na nilikishona mimi.

Kesho yake shambani tukaimba:

"Nguruwe za Kashindi zinalala pakavu,
Riziki analala na sufuria kichwani!"

Wakuu, ule wimbo ulifika mpaka sokoni Rwekubo kabla hatujamaliza kupalilia.

Chairman akaitisha mukutano. "Kuanzia leo, marufuku kutia jina la mutu mu wimbo! Atakayetia, musimu ujao hana shamba. Na kila wimbo mupya uletwe ofisini niupitishe." Akaandika sheria yake mu karatasi, akagonga muhuri, akanipa mimi muanzishaji.

Mama Nabintu akauliza, "Papa Chairman, wimbo tuulete mu nini? Mu kikapu?"

Batu wakacheka. Chairman hakucheka.

Bila shamba ni njaa, basi tukatii. Tukaimba fulani kazaa, fulani kaunguza maharage. Hata jembe lilikuwa zito. Tena ugomvi ukawa mingi, maana kila mutu alidhani fulani ni yeye.

Basi Nyota, binti wa chairman, akapata muchumba mujini Mbarara, mutoto wa sajenti mustaafu anayekaa Kakiika kulekule.

Na kwetu, bibi arusi akifika kwa wakwe haketi mpaka aimbwe: jina lake, baba, mama, babu, shangazi. Ndiyo kujulikana kwake. Nikamuendea baba yake. "Papa Kashindi, na harusini tuimbe namna gani?"

Akajibu bila kuinua macho. "Sheria ni sheria, Koko."

Haya.

Tulifika Kakiika, Nyota akasimama mulangoni na viatu virefu. Nikaanzisha:

"Tumemuleta fulani, binti wa fulani,
mujukuu wa fulani, ukoo wa fulani!"

Bamama wakaitikia kwa nguvu zote, na vigelegele juu. Sajenti akainua mukono kama anasimamisha lori.

"Simama! Hii fulani ni nani? Mimi natoa ng'ombe ya ukweli, napewa fulani? Nyabo, wewe mama, hii msichana hapana baba?"

"Baba iko, Afande. Ni yule mwenye tai. Lakini jina lake tumekatazwa."

Nikatoa ile karatasi mu kilemba changu. Sajenti akavaa miwani, akasoma kwa sauti mpaka kwenye muhuri. Akamugeukia Chairman.

"Mzee, hata jeshi sisi naimba wakubwa yetu. Wewe naogopa nini?"

Chairman akafuta jasho na tai. Nyota akashindwa kuvumilia. "Papa! Miguu inaniuma! Uruhusu baimbe!"

"Imbeni majina," Chairman akasema.

"Yote?" nikauliza.

Akanitazama. Akamutazama Mama Riziki. Akamutazama sajenti.

"Yote, Koko."

Tukaanza na babu, tukapita kwa mashangazi, tukafika kwa nguruwe. Sajenti alicheka mpaka akashika ukuta. Nyota akaketi.

Kesho kutwa yake shitingi ikarudi kwa Mama Riziki, na kiraka chake cha njano. Ilinuka nguruwe mwezi mzima, lakini alilala pakavu.

Bado kidogo. Wiki ileile chairman alipita kando ya shamba letu mara tatu, polepole, anatega sikio, kama mutu aliyeangusha ufunguo. Mara ya nne Mama Nabintu akamuonea huruma. Tukaimba, "Kashindi amerudisha!" Akaondoka anapiga mluzi.

Nilichojifunza: mukubwa akikataza wimbo, usibishane naye juu ya sauti. Nenda uangalie banda lake limeezekwa na nini.

Na nyinyi, nani amewahi kukatazwa wimbo? Semeni hapa chini. Lakini mutie majina yenu ya kweli, maana naona humu kila mutu amejiita kitu cha ajabu. Mimi fulani nimemuimba, nimechoka naye.