Mabehewa Yasiyo na Kichwa

Asubuhi ile nilikaa kwenye ngazi ya behewa la jiko nikichambua maharage, huku nikimtania mume wangu, Daudi, kwamba siku hizi anakula kuliko anavyofanya kazi. Alicheka, akachukua nyundo yake, akawafuata wenzake waliokuwa wakitandika reli huko mbele, baada ya kona.

Hiyo ilikuwa Msumbiji wakati wa vita, kabla sijawa mkimbizi na kuishia hapa Chamazi. Tuliishi ndani ya treni ya kazi. Mabehewa ya mizigo yalitiwa vitanda, na kila reli zilipotandikwa, nyumba yetu ilisogea. Jiko lilikuwa nyuma kabisa, jirani na kichwa cha treni kilichotusukuma kutoka nyuma. Kichwa hicho ndicho kilikuwa kinga yetu. Tulifundishwa sote: ukisikia risasi, tupa ulichoshika, panda, kichwa kitatuvuta hadi mjini. Tulishapanda mara kadhaa tukapona.

Siku hiyo msimamizi alikuwa na wageni. Niliwapakulia, mmoja akasukuma sahani pembeni.

"Mama Rosa, wakubwa hawa hawali maharage," msimamizi akaniambia. "Nawapeleka mjini wakale. Nachukua kichwa."

"Bosi, na sie je?"

"Hatukawii. We pika tu."

Akakifungua kichwa kutoka kwenye mabehewa, wakaondoka nacho. Mshenzi yule! Waliokuwa nyuma ya kona hawakuona kitu. Niliepua sufuria nikaenda mbio kuwaambia.

Sikuwahi. Risasi zililia kutoka mitini.

Wanaume wakatupa nyundo, wakakimbilia mabehewa, kama walivyofundishwa.

"Msipande! Kichwa hakipo!"

Wachache walinisikia, wakaingia porini.

Daudi alikuwa mlangoni mwa behewa, anawavuta wenzake juu.

"Daudi, shuka!"

"Panda, Mama Rosa! Tunaondoka sasa hivi!"

Mtu alinishika mkono akaniburuta vichakani. Kutoka huko niliyaona mabehewa yakichomwa moto.

Msimamizi alirudi jioni, ameshiba. Akatuambia vita havina macho. Nilimrukia, wakanizuia, na mpaka leo najuta kwamba walinizuia.

Watu wananipa pole kwa kuwa vita vilimuua mume wangu. Vita tulikuwa navyo kila siku, na kila siku Daudi alirudi akiwa hai. Padri wetu ananihimiza nisamehe. Namheshimu, ila msamaha huombwa, na yule bwana hajaja kuuomba.