Kamba ya Wakwe

Mwalimu wa baiolojia alikuwa amechoka kuwalaza usingizi watoto wa watu. Mkuu wa shule alishamwambia bila kumung'unya maneno: Jumatatu angekuja kusikiliza mwenyewe, na somo la protini likidorora tena, ajira hana. Basi Jumapili akaanua nguo zote uani, akaifungua kamba, akawaita wakwe zake.

Kila mmoja alikuwa asidi amino, tofali moja la kujengea protini. Mwalimu alisoma maagizo ya jeni, herufi tatu tatu, na kila tatu zilimwita mtu mmoja aje ashike kamba. Kisha akafungulia mpira wa maji.

Mama mkwe, ambaye hata chai ya mwalimu hajawahi kuisifu na humwita "huyo mke wa mwanangu", alikuwa katoka saluni. Alijichimbia katikati akimburuta baba mkwe, naye mwoga wa maji. Shemeji na wifi, wapenda maji, wakabaki nje wakicheka. Kamba ikajikunja bonge moja zuri.

"Hiyo ndiyo protini, waoga wa maji ndani, wapenda maji nje," mwalimu akasema, furaha imemjaa.

Akabadili herufi moja tu. Badala ya mama mkwe, akaitwa shangazi, mpenda maji. Shangazi hakukalika katikati. Alipenya akatoka nje, na bonge zima likafumuka.

"Kumbe nikitoka mimi mnasambaratika," mama mkwe akasema. "Siku zote nawaambia."

Jumatatu jua lilikuwa kali. Mkuu wa shule alisimama kando ya uwanja na suti yake mpya. Mwalimu akasoma herufi, wanafunzi wakashika kamba, maji yakafunguliwa, na wote wakayakimbilia. Hakuna aliyeyaogopa. Kamba ikanyooka kama ya kuanikia nguo, na mwalimu akaona kazi inamponyoka hivi hivi.

"Nani kapewa nafasi yangu?"

Mama mkwe huyo, anatokea getini, nywele zake zile zile. Akashika kamba, akamkamata mkuu wa shule mkono.

"Na wewe mwenye suti, njoo katikati."

Mpira ukageuzwa kwao. Mkuu alijikunyata haraka nyuma ya wanafunzi, kamba ikajizungusha, bonge likakaza. Akafungua mdomo alalamike.

"Tulia, baba," mama mkwe akamwambia. "Msikilize mwanangu anafundisha."