Sura ya Mwisho kwa Herufi za Chuoni

Joto la mji ule wa Ibra, Omani, lilipovunjika tulizima kiyoyozi, mimi na Bibi tukahamia uani. Kwetu Tanga miezi ile ni ya vuli, mvua zingekuwa zinapiga mabati. Pale ni upepo tu, na harufu ya tende kutoka stoo. Bibi alizaliwa Unguja, akaja Omani msichana mkubwa. Mimi nilikuwa mtumishi wake. Kila alasiri, nikishampima presha, hunyoosha miguu mkekani akasema, "Haya mwanangu, jana tuliishia wapi?"

Kitabu nilichokuwa namsomea kilikuwa cha maktaba ya mji wa Nizwa. Mwanawe, aliyefanya kazi huko na kurudi nyumbani kila Alhamisi, ndiye aliyekiazima, maana Bibi alimganda: nataka kitabu cha Kiswahili, nataka kitabu cha Kiswahili. Akachukua alichokikuta rafuni, wala hakukifungua. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea chai. Naye Bibi, msomaji hodari, herufi za kizungu hakuzijua. Alisomea chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, na hata barua zake za Kiswahili za zamani aliziandika kwa herufi za Kiarabu. Basi macho yakawa yangu. Sikulalamika. Mimi nyumbani nilisoma hata gazeti lililofungiwa maandazi.

Hadithi ilikuwa ya ndugu wawili wa kike waliogombania posa, mmoja akaondoka bila kuaga. Bibi alilia. Mara ya kwanza kidogo, mara ya pili mtandio wote uliloa. Alikuwa na dada yake Unguja, hawajasemezana tangu ujana wao. Hilo aliniambia mimi, mwanawe hakulijua. Presha kwenye mashine ikapanda, nami kama nilivyoagizwa nikampelekea mwanawe picha ya zile namba kwa simu.

Alhamisi aliingia hata viatu hajavua.

"Wewe nasomea mama nini?"

"Hadithi, baba."

"Hadithi gani napandisha presha? Khalas, basi. Kitabu narudisha Jumapili. Mimi nasikia kusoma tena, wewe narudi ofisi."

Ofisi ni kwa wakala aliyenileta. Kutoka pale njia ni mbili, nyumba usiyoijua au ndege, na mimi nilikuwa na watoto wanaosoma Tanga. Nikainamisha kichwa.

"Kwani mimi maiti?" Bibi akaruka. "Mbona mwazungumza juu ya kichwa changu?"

"Mama, afya yako."

"Machozi yangu mwenyewe! Hata hayo nikuombe ruhusa?"

Mwanawe akambusu kichwa, kama wafanyavyo watoto wa kule kwa wazee wao, kisha akakiweka kitabu sebuleni, juu ya kabati la televisheni. Ilikuwa imebaki sura moja tu. Bibi hakula, akageukia ukutani, akawa ananiuliza kwa sauti ndogo, "Walipatana, mwanangu? Hukuchungulia mbele?" Sikuwa nimechungulia. Wallahi nilikasirika. Mtu mzima mwenye wajukuu anafichwa mwisho wa hadithi kama mtoto anayefichwa sukari!

Lakini mimi nami nilipita madrasa. Ijumaa baada ya chakula, nyumba nzima imelala usingizi wa mchana, nilikichukua kitabu nikajifungia stoo ya tende, nikaanza kuihamisha sura ile kwa herufi za Kiarabu. Nilikuwa sijaandika hivyo tangu utoto, na ndara zikilia nje nilikuwa nazikalia karatasi. Jumamosi nikarudi stoo wakati uleule, na nikiwa mstari wa mwisho, mlango ukagongwa.

"Nafanya nini ndani?"

"Natafuta tende za kahawa, baba."

Nilitoka na sahani mkononi na karatasi kifuani, kitabu nikakiacha nyuma ya tende. Akachukua tende moja, akaenda zake. Kitabu nilikirudisha mahali pake wakati anaswali.

Alfajiri ya Jumapili aliondoka nacho. Gari liliposhika barabara nikampa Bibi karatasi. Alivaa miwani, midomo ikaanza kucheza. "We mtoto," akasema. "We mtoto!" Hakuyaazima tena macho yangu, alisoma mwenyewe wiki nzima, akimaliza anaanza upya.

Alhamisi mwanawe alirudi mapema, akatukuta uani, karatasi mapajani pa mamake. Akaona herufi za Kiarabu, uso ukamkunjuka.

"Mashallah, Mama. Dua?"

Nikamwomba Mungu Bibi anyamaze. Hakunyamaza. Alimpa ile karatasi ya mwisho. "Nisomee wewe, baba, mie macho yamechoka."

Akakaa kitako, akaanza kwa lile lahani la kusomea dua, herufi kwa herufi. Mstari wa pili lahani likamkatika. Kilichokuwa kinamtoka kinywani ni Kiswahili. Alinigeukia mimi, nami nikawaza begi langu niliweka wapi.

"Soma," Bibi akasema.

Akasoma, polepole, akijikwaa. Mdogo mtu amefika, anabisha hodi, na mkubwa anamjibu kutoka ndani: sukuma tu, mlango huu haujafungwa tangu ulipoondoka.

Akainua macho. "Mama, hawa nani?"

"Wa kitabuni siwajui. Lakini wewe una mama mkubwa Unguja, yu hai. Mimi ndiye niliyeondoka bila kuaga."

Sikuwahi kumwona mwanamume yule akilia kabla ya siku ile. Nilikuwa nimesimama pale na mashine, sijui niende jikoni au nibaki. Bibi akanipungia mkono.

"Mpime yeye."

Nikamfunga mkono mmoja. Wa pili haukuiachia karatasi.